François Coty, Mfanyabiashara wa Manukato na Majina

Kiswahili kina vitenzi viwili vya pua ambavyo mgeni anayejifunza lugha yetu huchukua muda kuvitenganisha. Samaki aliyelala hunuka, asumini hunukia. Irabu moja tu iliyopachikwa kabla ya kiishio ndiyo inayolitoa shina kwenye uvundo na kulipeleka kwenye uzuri. Wazungumzaji walioona haja ya kuweka mpaka wa namna hiyo ndani ya kitenzi chenyewe bila shaka ni watu waliolichukulia jambo la harufu kwa uzito mkubwa.

Uzito huo ungali unaonekana kusini mwa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Vanga. Katika nyumba za harusi za Diani, Gazi, Msambweni na Shimoni, chetezo cha udi hakijakosa kazi, na mrashi haujawekwa kabatini kuwa pambo. Bado wako akina bibi wanaojua kufunga kikuba, yaani kile kishada kidogo cha asumini, mrehani, kilua, langilangi na vipande vya mkadi ambacho mwanamke hujibandika kifuani au kwenye nywele. Hata hivyo, mwulize mwanafunzi wa shule ya upili akutajie viungo vya kikuba, aghalabu atataja asumini kisha anyamaze. Mwulize majina ya manukato yanayouzwa madukani Ukunda, atakutajia matano bila ya kupumua, na mengi yatakuwa ya Kifaransa au yanayojifanya ya Kifaransa.

Kwa nini majina yale yameshika na haya yameponyoka? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kulaumu vijana. Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaweza kutupa sehemu kubwa ya jibu, naye ni François Coty, aliyeaga dunia mwaka 1934. Hakuwa wa kwanza kuuza manukato jijini Paris. Nyumba ya Houbigant ilikuwapo tangu mwaka 1775 na ya Guerlain tangu 1828. Lakini ni yeye aliyetambua kuliko wenzake kwamba kinachouzwa dukani si harufu peke yake. Huuzwa jina, huuzwa chupa, huuzwa ndoto iliyomo baina ya jina na chupa. Na kwa kuwa kipaji hicho hakichagui bidhaa, baadaye alikitumia kuuza kitu kingine kisichonukia hata kidogo. Ndiyo sababu nadhani walimu na wanafunzi wetu wanapaswa kuyajua maisha yake yote, wala si ile nusu inayopendwa na wauza vipodozi.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1874 mjini Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica, akapewa majina Joseph Marie François Spoturno. Corsica ilikuwa milki ya Ufaransa kwa muda wa karne moja na ushei, ilhali lugha ya watu wake ni ya jamii ya Kiitaliano, na mtoto wa kisiwa kile alipofika bara alitambulika kwa lafudhi yake kabla ya kutaja jina. Ajaccio ndiko alikozaliwa Napoleon pia, na Coty alipokwisha kutajirika hakuchoka kuwakumbusha watu kwamba alikuwa na undugu na nasaba ya Bonaparte. Wazazi wake walifariki yeye angali mdogo, akalelewa na wanawake wazee wa ukoo, kwanza mama wa bibi yake, kisha bibi. Mali hawakuwa nayo.

Baada ya kulitumikia jeshi alikwenda Paris kwa msaada wa Emmanuel Arène, mwanasiasa na mwandishi aliyetoka Corsica kama yeye, akawa katibu wake. Ule mtindo wa mtu wa kwetu kumvuta mtu wa kwetu mjini haukuvumbuliwa Nairobi. Mwaka 1900 alimwoa Yvonne Le Baron. Ni katika miaka hiyo pia alipojivua jina la Spoturno akachukua jina la ukoo wa mama yake, Coti, kisha akaibadili herufi ya mwisho: i ikawa y. Matamshi hayakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni sura ya neno kwenye karatasi. Coti ni jina la mtu wa kisiwani, na Coty ni jina linaloweza kuandikwa kwa dhahabu juu ya kibandiko bila ya mnunuzi kuuliza limetoka wapi. Bidhaa ya kwanza ambayo mtu huyu aliipa jina jipya ilikuwa nafsi yake.

Jijini Paris alipata kujuana na mfamasia aliyekuwa akichanganya manukato dukani mwake na kuyauza katika chupa za kawaida, kama zile za dawa ya kikohozi. Huko ndiko Coty alikogundua kwamba pua yake ilikuwa na uwezo usio wa kila mtu. Hakuridhika na kubahatisha. Kwa njia ya wale wale waliojuana na Arène alifika Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa juu ya vilima vya Cannes, ambao zamani ulikuwa wa mafundi wa ngozi. Mafundi hao walitia glavu manukato ili kuua harufu ya ngozi, na hatimaye manukato yakawa kazi kubwa kuliko ngozi. Alipokewa katika viwanda vya nyumba ya Chiris, mojawapo ya nyumba kubwa za Grasse, akajifunza kazi.

Inafaa tukae kidogo katika viwanda hivyo, kwani mengi yaliyofanywa mle yana ndugu zake pwani yetu. Ua kama asumini haliwezi kupikwa, likiguswa na moto huharibika. Kwa hiyo watu wa Grasse walitandaza maua juu ya vioo vilivyopakwa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe, wakayaacha mafuta yanywe harufu, wakayatoa maua yaliyochoka na kuweka mapya, siku baada ya siku, hadi mafuta yakashiba. Mama wa Msambweni aliyetia asumini katika mafuta ya nazi na kuyaacha usiku kucha alifuata kanuni hiyo hiyo, ila nazi yake ilikuwa safi na halali kwake, na mafuta ya Grasse yangemfanya akunje uso. Maua mengine yalikenekwa: yalipitishiwa mvuke, mvuke ukapozwa, na mafuta yenye harufu yakaelea juu ya maji. Njia ya tatu ilikuwa mpya wakati huo, nayo ni ya kuyaosha maua kwa vimiminika vinavyoruka upesi kama vile petroli inavyoruka, ili vikishakuruka viache nyuma kiini cha ua.

Fauka ya hayo, wanakemia walikuwa wamekwisha kuanza kutengeneza harufu bila ya ua lolote. Vanilini, yaani harufu ya vanila, iliundwa kwa kemia nchini Ujerumani mwaka 1874, mwaka ule ule aliozaliwa Coty. Watengenezaji wengi wa Paris walivionea haya vitu hivyo, wakavitumia kwa siri au kwa uchache. Coty hakuona haya. Aliona kwamba ua hutoa ulaini na kemia hutoa nguvu na kudumu, akaviunganisha waziwazi. Jambo hilo liliteremsha gharama pia, na kuteremka kwa gharama ndiko kulikomfungulia mlango wa umma.

Manukato yake makubwa ya kwanza yalikuwa La Rose Jacqueminot ya mwaka 1904, yaliyopewa jina la waridi ambalo nalo lilikuwa limepewa jina la jenerali. Kuna hekaya maarufu kuhusu namna yalivyopata soko. Inasimuliwa kwamba Coty aliyapeleka katika duka kubwa la Louvre jijini Paris, mnunuzi wa duka akayakataa, na chupa ikamponyoka ikavunjika juu ya meza ya mauzo. Harufu ikatapakaa, wanawake waliokuwa wakipita wakakusanyika wakitaka kujua inauzwa wapi, na kabla ya saa kupita akiba yote ilikuwa imekwisha. Wengine husema kwamba chupa haikuponyoka hata kidogo, aliivunja kusudi. Wengine huongeza kwamba hata wale wanawake hawakuwa wapita njia. Mimi sioni haja ya kuamua. Hekaya ya chupa iliyovunjika imerudiwa kwa zaidi ya karne moja, na kila inaporudiwa jina la Coty hutajwa. Kama yeye ndiye aliyeitunga, basi huenda ikawa ndiyo kazi yake iliyodumu zaidi.

Mwaka uliofuata alitoa L'Origan. Mmea uliotoa jina hilo ni wa jamii moja na mrehani wetu, ingawa manukato yenyewe yalikuwa mchanganyiko wenye viungo vingi sana kuliko jani moja la bustanini, na wajuzi huyahesabu kuwa miongoni mwa yale yaliyofungua enzi mpya. Jirani yake katika uwanja wa Vendôme alikuwa René Lalique, sonara mashuhuri. Coty alimwomba abuni vibandiko na chupa. Kutokana na ushirikiano wao, ulioanza miaka michache kabla ya vita vya kwanza vya dunia, chupa ya manukato iliacha kuwa chombo cha kubebea, ikawa sehemu ya bidhaa. Sonara akageuka kuwa mtu wa vioo, na vioo vyake vikatengenezwa kwa kalibu kwa maelfu, hata mwanamke ambaye hangeweza kununua kito cha Lalique akaweza kununua kioo chenye mkono wake. Coty alitoa pia chupa ndogo za bei nafuu, kwa hesabu kwamba karani au mshonaji anayenunua kidogo mara nyingi ana faida kuliko malkia mmoja. Huko Suresnes, nje kidogo ya Paris, alijenga kiwanda kikubwa kiasi cha kuitwa mji wa manukato.

Sasa tuyatazame majina yenyewe, kwani hapa ndipo mwanaisimu anapovutiwa zaidi. Ambre Antique: ambari ya kale. Neno la Kifaransa na neno letu ambari ni watoto wa mama mmoja, Kiarabu, na kitu chenyewe, kile kitokacho katika matumbo ya nyangumi, kimekuwa kikiokotwa na kuuzwa katika pwani ya Afrika Mashariki tangu zama za majahazi. Emeraude, ya mwaka 1921, ni zumaridi. L'Aimant, ya mwaka 1927, ni sumaku, lakini neno hilo hilo kwa Kifaransa lina maana ya mwenye kupenda, na mnunuzi alizipata maana zote mbili kwa bei moja. Na mwaka 1917, vita vingali vinaendelea, alitoa Chypre, jina la Kifaransa la kisiwa cha Cyprus. Mchanganyiko wake wa harufu ya ndimu chungu, utomvu na kuvu ya mwaloni ulipendwa na kuigwa kiasi kwamba nomino ile ya pekee iligeuka kuwa nomino ya kawaida. Leo chypre ni tabaka zima la manukato katika lugha ya wataalamu, na Guerlain mwenyewe hakukawia kutoa ya kwake mwaka 1919. Jina hilo Coty hakulibuni, lilikuwa likitumiwa na watengeneza manukato kwa karne nyingi. Alichofanya ni kulibana mpaka likashikamana na kitu kimoja.

Wakati Paris ikipamba majina, mashina ya maua yalikuwa mbali. Baadhi yalikuwa karibu nasi. Kile tukiitacho langilangi kina asili ya Asia ya kusini-mashariki, na jina lake limetoka katika Kitagalogi, lugha ya Ufilipino. Wafaransa waliusafirisha mti huo hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, na visiwa vya Komoro, ambako husemwa lugha zilizo ndugu wa damu wa Kiswahili, vikaja kuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa mafuta yake duniani. Katika kisiwa cha Nzwani, mwaka 1907, iliundwa kampuni ya mashamba ya Bambao, na nyumba iliyohusika nayo ilikuwa ile ile ya Chiris ya Grasse iliyomfunza Coty kazi. Mlangilangi ukiachwa huwa mti mrefu, kwa hiyo shambani hukatwa kilele na matawi yake kuinamishwa ili mchumaji ayafikie maua kwa mkono. Huchumwa alfajiri, kabla jua halijaiba harufu, na kwa kawaida hao wachumaji ni wanawake. Huchukua takriban kilo 50 za maua kupata kilo 1 ya mafuta, na kuni nyingi huteketea chini ya masufuria ya kukenekea. Mafuta yatokayo mwanzoni ndiyo bora na ghali, na kadiri moto unavyoendelea ndivyo daraja inavyoshuka.

Ardhi ya mashamba ya Komoro haikuja bure. Katika Ngazidja, mwaka 1885, Sultani Said Ali alitia sahihi mkataba na Mfaransa Léon Humblot, mtaalamu wa mimea, uliompa Humblot haki ya kutumia ardhi ya kisiwa kizima kwa kilimo. Mwaka uliofuata Ufaransa ikatangaza himaya yake, na mwaka 1893 Sultani mwenyewe akahamishwa kwa nguvu. Mfanyakazi wa shamba hakuandikwa popote kwenye kibandiko cha Paris, wala kisiwa chake. Si kwamba jina la mahali lilikuwa mwiko, kwani Cyprus iliuzwa vizuri. Kisiwa kilichotajwa kilikuwa kile ambacho mnunuzi alikuwa ameshakiota.

Watu wa Kwale hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kwa takriban miaka 10, hadi Desemba 2024, madini ya mchanga wa kaunti yao yalichimbwa na kupakiwa melini Likoni, yakaenda kugeuka rangi na vyuma katika nchi ambazo hakuna atakayejua Maumba ni wapi.

Turudi kwa Coty. Vita vya kwanza vilimalizika akiwa tajiri, na amani ikamtajirisha zaidi. Wanajeshi wa Kimarekani walirudi kwao na chupa za Paris mikobani, na soko la Marekani likafunguka. Poda ya uso yenye harufu ya L'Origan ilienea kuliko manukato yenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ufaransa. Alinunua makasri, likiwamo la Artigny karibu na mji wa Tours, ambalo alilijenga upya kwa marumaru, na jumba la Louveciennes lililokuwa la kimada wa mfalme Louis wa 15. Alifadhili marubani waliotaka kuvuka bahari ya Atlantiki. Alijitenga na watu, akichukia mikusanyiko, lakini alitaka watu wote wamsikilize.

Mwaka 1922 alinunua Le Figaro, gazeti kongwe na lenye heshima. Wasomaji wake walikuwa watu wa tabaka la juu, nao walichoshwa na mwenye gazeti aliyelijaza mawazo yake. Mwaka 1928 akaanzisha gazeti jingine, akaliita L'Ami du peuple, yaani rafiki wa umma. Wasomaji waliojua historia walitambua mara moja kwamba jina hilo lilikuwa la gazeti la Marat, yule mwanamapinduzi wa mwaka 1789. Gazeti la mrengo wa kulia kabisa likavaa kanzu ya mapinduzi. Liliuzwa kwa senti 10 wakati mengine yaliuzwa kwa 25. Kila alichojifunza dukani kimo humo: jina lililoazimwa mahali penye sifa, chupa nzuri, bei ya mtu wa chini, wingi wa nakala. Kilichokuwamo ndani ya chupa kilikuwa chuki. Gazeti liliwaandama wakomunisti na wageni, na zaidi ya wote Wayahudi, likiwabebesha lawama ya kila shida ya Ufaransa, tangu mabenki hadi vita.

Mwaka 1933 mahakama ilimtia hatiani kwa kuvikashifu vyama vya Wayahudi waliopigana vita vya kwanza chini ya bendera ya Ufaransa, watu waliokuwa na makovu ya risasi kwa ajili ya nchi ambayo yeye alidai hawaipendi. Mwaka huo huo alianzisha kundi aliloliita Solidarité française, mshikamano wa Kifaransa, wafuasi wakivaa mashati ya buluu kwa kuiga waliyoyaona Italia. Wafuasi hao walikuwamo katika ghasia za tarehe 6 Februari 1934 jijini Paris, ambapo watu waliuawa mbele ya bunge. Hapana shaka jina la kundi hilo lilichaguliwa na mtu anayejua majina. Ni nani atakayesema anapinga mshikamano?

Wapo waandishi wanaomsimulia Coty kana kwamba walikuwa watu wawili, msanii wa pua na mwanasiasa aliyepotoka, wa pili akiwa ajali iliyompata wa kwanza uzeeni. Mimi sikubaliani nao. Ufundi ulikuwa ule ule. Mtu aliyefahamu kwamba mnunuzi huamini jina kabla ya kunusa ndiye aliyefahamu kwamba msomaji huamini kichwa cha habari kabla ya kusoma. Na ukitazama Ulaya ya miaka iliyofuata, utaona ni watu wangapi walilipa kwa uhai wao kwa sababu maneno ya namna ile yalikuwa yamezoeleka kwenye meza za kahawa, kwa bei ya senti 10. Mwalimu wa lugha anapowafundisha watoto matangazo ya biashara katika somo la isimujamii, yafaa awaoneshe pia gazeti hilo, kwani sajili ya biashara na sajili ya siasa zina mlango wa uani unaopitika kwa urahisi.

Anguko lake lilikuwa la haraka. Magazeti yalimla fedha. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulipunguza mauzo. Mwaka huo huo Yvonne alipewa talaka, na fidia aliyostahili kulipwa ikawa kubwa kuliko alivyoweza kuimudu mtu ambaye mali yake ilikuwa imefungwa katika marumaru na makaratasi. Mwaka 1931 alichaguliwa kuwa meya wa Ajaccio, mji wake wa kuzaliwa, lakini hata huko hakutulia. Udhibiti wa Le Figaro ukamtoka. Alifariki Louveciennes tarehe 25 Julai 1934, mwenye umri wa miaka 60. Kundi lake la mashati ya buluu lilipigwa marufuku mwaka 1936 pamoja na mengine ya aina yake. Kampuni ilibaki mikononi mwa Yvonne na mumewe wa pili, ikauzwa mwaka 1963 kwa kampuni ya dawa ya Pfizer, kisha ikauzwa tena mwaka 1992. Bado ipo, nayo bado huitwa Coty, kwa y.

Nimesema kwamba maisha haya yatusaidie kujibu swali la majina ya manukato yaliyoponyoka kwetu. Nionavyo mimi, maarifa ya harufu tulikuwa nayo na tungali nayo. Liwa, dalia, tibu, zabadi, halwaridi, uvumba, udi wa mawardi: kila neno lina kitu chake, matumizi yake na siku yake. Tunayo hata msamiati wa upande wa pili, ambao mtengeneza manukato yeyote angeuhusudu, kwa maana anayejua kutenganisha shombo, vumba, uvundo na kikwapa ana pua iliyosoma. Tulichokosa ni kibandiko. Fundi wa kikuba hakuandika vipimo vyake, na mchanganyiko wake haukupewa jina litakaloishi baada yake. Ulikuwa kikuba cha fulani, na fulani alipokufa ulikufa naye. Wako watakaosema kwamba huo ndio uzuri wake, kwamba kikuba ni cha jioni moja na hakikukusudiwa kuwekwa dukani. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haitoshi kunifariji, kwa sababu kinachopotea si kikuba cha jioni ile tu, ni neno pia.

Katika Kwale tuna Chivumba cha Vanga, Chifundi cha Wasini, Funzi na Shimoni, Kidigo cha bara na cha pwani, na kila kimoja kina majina yake ya maua na majani yanayonukia. Likizo moja ingetosha. Wanafunzi wa shule moja ya Msambweni wakipewa daftari na swali moja tu la kumwuliza bibi, kila mmoja kwa bibi yake, watarudi na msamiati ambao haumo katika kamusi yoyote niliyo nayo mezani. Wauliza pia kipimo, wauliza ni ua la saa ngapi, maana asumini ya magharibi si asumini ya asubuhi.

Kuna mfano mmoja wa jina letu lililopata kibandiko, nao haujulikani inavyostahili. Mkilua, ule mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ambao maua yake huingia katika kikuba, uliwafikia wataalamu wa mimea nao wakaona kwamba hauna mwenzake. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika hifadhi ya mimea ya Nairobi kabla ya kurudi Kew, aliuundia jenasi ya peke yake. Badala ya kutafuta jina la mfalme au la rafiki yake, aliliacha lile alilolikuta: Mkilua fragrans. Kila mwanasayansi anayeutaja mti huo, awe Ujapani au Brazili, hana budi kulitamka pamoja na kiambishi chake cha ngeli ya miti.